"KWANI PAKA ANASOMA?" Yaani mtu mzima na ndevu zangu naulizwa hivi mbele ya foleni, hapahapa Tanga mjini

Baba Dagaa:

Wagosi na wasio wagosi, salamu leo sitoi. Nimetoka pale sasa hivi. Jasho halijakauka, baiskeli nimeitupa uani hata stendi sijaiteremsha.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Duka la dawa za mifugo, koti lililokuwa jeupe enzi za Mwinyi, miwani imefungwa uzi sikioni. Kila mwenye kuku, mbuzi au mbwa katika mji huu ameshalizwa na yule bwana. Jina silitaji, atajiona amepata umaarufu.

"Kwani paka anasoma?"

Irudieni taratibu muionje. Kwani. Paka. Anasoma.

Alhamisi iliyopita Dagaa wangu karudi kutoka kwenye ngumi zake za juu ya bati, jicho la kushoto kalifumba. Nikamtia kwenye kikapu cha ukindu, nikamfunika kanga ya mama watoto, Makorora mpaka mjini napiga pedeli kama naipeleka roho yangu. Yule bwana hata hakuinuka. Mkono huu bajia, mkono huu simu. Akamulika jicho kwa tochi ya simu akiwa ng'ambo ya kaunta, umbali wa hapa na Pemba, akasema "vumbi hilo," akanirushia tyubu ya mafuta ya macho. Elfu sita.

Siku ya kwanza wekundu ukapungua. Nikamsifu! Nimemsifu mpaka barazani kwa wazee, Mungu anisamehe. Siku ya tatu jicho limekuwa la buluubuluu kama maziwa yaliyotiwa maji, Dagaa kajichimbia chini ya kabati la vyombo, mwanga hautaki, machozi yamegandisha manyoya ya shavu lote.

Jana shemeji akanielekeza kwa daktari mmoja mama wa makamo, daktari wa mifugo kweli, aliyesomea. Yule mama hakugusa dawa kwanza. Alichukua kikaratasi chembamba, ncha yake ya rangi ya chungwa, akakidondoshea tone la maji ya chumvi, akakigusisha ndani ya kope ya chini. Dagaa kapepesa, rangi ikatapakaa jicho zima, akaisafisha kwa maji. Akafunga pazia. Akawasha tochi ya mwanga wa buluu.

Wallahi nimeona. Katikati ya jicho la paka wangu kuna alama ya kijani inawaka, kama punje ya mtama iliyotiwa taa ndani. Akaniambia kioo cha jicho kikiwa kizima rangi hiyo haishiki, inateleza tu. Ikishika, pamechubuka. Ni kidonda, kucha ya paka mwenzie hiyo. Kisha akaomba aone tyubu. Akasoma maandishi, akaiweka mezani kwa vidole viwili kama mkia wa panya aliyekufa. Haidrokotizoni! Kumbe dawa za namna hiyo zinatuliza wekundu, ukadhani mgonjwa kapona, huku kidonda kinazuiwa kufunga na vijidudu vinaula uwanja. Ningeendelea wiki nyingine jicho lingeweza kutoboka.

Kanipa dawa nyingine ya matone, mara nne kwa siku, na tone la atropini la kupunguza maumivu. Hilo la atropini lilimfika kooni kwa uchungu wake, Dagaa akatoa povu kama kala sabuni ya mche. Na shingoni kamvisha kola ya kukatwa kwenye dumu la mafuta asijikwaruze. Sasa paka anatembea na dishi, watoto wa mtaa wanamuuliza kashika chaneli ngapi.

Basi leo nikarudi dukani. Kwa heshima! Nikasema, bwana, ile dawa uliyonipa ingempofusha paka wangu. Foleni ya watu saba. Akanitazama juu mpaka chini. Akamtazama Dagaa na dishi lake. Akameza bajia, na ninaapa ilikuwa bajia ileile ya Alhamisi. Akasema:

"Kwani paka anasoma?"

Watu WAKACHEKA. Mama mmoja mwenye tenga la kuku alicheka mpaka kuku wakaanza kucheka.

Siendi tena pale. Na nikienda nitanunua dawa ya kupe tu, sisemi naye.

Mtoto wa Barabara ya Nane:

Umepiga baiskeli toka Makorora na paka kwenye kikapu, kafunikwa kanga? Mgosi, kanga ilikuwa na maandishi gani?

Baba Dagaa:

"Wema hauozi." Na haikuhusu.

Mtoto wa Barabara ya Nane:

Hahahaa! Sasa ndio utuambie, Dagaa aliweza kuyasoma au hakuweza?

Binti Duga:

Pole Baba Dagaa. Mimi yule alinifanyia kwa mbwa. Macho yamejaa tongotongo zito la kunata, asubuhi nabandua kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Nikampeleka. Akaniambia, "Huyu analia, mwulize kafiwa na nani." Miezi mitano nauziwa matone! Mpaka mwanafunzi mmoja wa Buhuri, kile chuo cha mifugo, akaniambia hilo huenda ni jicho kavu, katafute daktari wa kumpima machozi. Wanaweka kikaratasi chenye mistari kwenye kope, wanasubiri dakika moja, wanaangalia unyevu umepanda mpaka wapi. Mbwa mzima anafika milimita 15 na kuzidi. Wangu alifika 4. Mbwa hana machozi ya kutosha, na mimi naambiwa analia!

Baba Dagaa:

"Mwulize kafiwa na nani." Mnaona? Ni tabia. Lakini wewe angalau ulikuwa peke yako. Mimi foleni ya watu saba.

Kimanumanu Damu:

Juu ulisema foleni ya watu saba, sasa saba tena. Tulidhani itakuwa imefika kumi na tano. Uzi umeanza kupoa.

Dereva wa Punda:

Mnalilia paka. Mimi nipo Pangani, nabebesha nazi. Punda wangu jicho la kulia linavimba, linatoa machozi, analifumba mchana kutwa, wiki mbili linapoa. Mwezi unaofuata lilelile. Nikamfuata huyo huyo mnayemsema, nauli yangu mwenyewe. Jibu: "Punda huyo ana jini la mwezi, mpe likizo." Likizo! Nazi nibebe mimi?

Mchunga Farasi Mstaafu:

Dereva, nimetunza farasi Arusha miaka tisa, hiyo hali naijua. Sio jini. Ni uvimbe wa ndani ya jicho unaorudiarudia, na kwa farasi ndio unaoongoza kwa kuwapofusha. Wazungu wa kale waliuita upofu wa mwezi maana walidhani unafuata mwezi mwandamo. Mara nyingine chanzo ni vijidudu vya mkojo wa panya kwenye maji ya kunywa. Tazama mboni: imekuwa ndogo na inakataa kufunguka hata gizani? Mpeleke haraka. Kila mara linaporudi linaacha kovu ndani, na siku moja halitapoa.

Na hapa nitamkera mleta uzi. Dawa za jamii ileile iliyomwumiza Dagaa ndizo zinazomwokoa farasi mwenye ugonjwa huo. Ila daktari anaweka kwanza ile rangi ya kijani ahakikishe hakuna kidonda juu. Dawa haina kosa, kosa ni kutopima.

Baba Dagaa:

Kwa hiyo unamtetea.

Mchunga Farasi Mstaafu:

Nimesema kosa ni kutopima. Nani asiyepima? Yeye.

Baba Dagaa:

Umesema "dawa haina kosa". Nimesoma. Mimi NASOMA, paka ndiye hasomi.

Mpenda Haki:

Ndugu zangu tuache jazba. Ipo Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, lipo Baraza la Veterinari, kutibu wanyama kunahitaji usajili. Mleta uzi aandike barua, aambatanishe risiti.

Kimanumanu Damu:

Risiti! Haya wadau, mwenye risiti ya yule bwana anyooshe mkono. Mimi dawa ya minyoo niliandikiwa kwenye kipande cha boksi la sigara.

Mlinzi wa Raskazone:

Mnamwonea. Ng'ombe wangu alishikwa na uzazi usiku, alikuja saa nane na mvua ile, akatoa ndama, hakutaka hata chai. Mkono anao. Mdomo ndio hana.

Baba Dagaa:

Mdomo anao sana! Ndio tatizo!

Binti Duga:

Mlinzi, usiku anakuja kwa ng'ombe kwa sababu ng'ombe ana bei. Mbwa na paka kwao ni mzaha. Tanga hii ukisema mbwa anaumwa macho unaonekana umekula ukashiba ukakosa la kufanya.

Mlinzi wa Raskazone:

Hapo sibishi. Nami nina mbwa wa lindo, mwaka juzi alitemewa na swila machoni tukiwa upande wa Amboni. Kila mtu na ushauri wake. Mmoja maji ya tumbaku, mmoja mkojo (wa nani, hakusema), mmoja kitunguu. Nashukuru nilimshika kichwa nikammwagia maji masafi karibu robo saa, ndoo mbili nzima, ndio nikatafuta daktari. Naye akanionyesha hiyo kijani yenu, jicho lote linawaka kama taa ya barabarani. Lilipona. Maji yakiisha hata maziwa unamwaga, muhimu ile sumu iondoke upesi.

Mtoto wa Barabara ya Nane:

Maziwa kwa bei hii? Mbwa atanisamehe, nitampepea.

Kimanumanu Damu:

Umeigusa. Chai ya rangi ndio imekuwa chakula cha taifa. Lakini bora maziwa kuliko wale jamaa wa bodaboda pale Kange, jana nimeambiwa elfu nne mpaka Chuda, nikauliza napelekwa na kurudishwa?

Dereva wa Punda:

Punda wangu angekupeleka kwa buku. Akiona njia lakini.

Binti Duga:

Bodaboda wa Kange waundiwe uzi wao, mimi nawadai majibu. Mmoja alinishusha kwenye dimbwi na gauni la harusi ya watu.

Baba Dagaa:

Jamani turudi kwenye mada. Foleni. Watu saba. Bajia mkononi. "Kwani paka anasoma?" Hakuna anayeona uzito wa jambo hili?

Mama Tenga:

Nimetumiwa huu uzi na mwanangu. Mimi ndiye mama mwenye tenga la kuku. Sikucheka. Nilikohoa.

Baba Dagaa:

Ulicheka mama yangu. Nilikuona. Ulijishika kiuno.

Mama Tenga:

Kiuno kinaniuma tangu masika. Na kuku hawakucheka pia, walikuwa na joto. Mimi nilifuata chanjo ya mdondo, ile ya tone jichoni, na nilikaa pale saa nzima kwa sababu wewe na paka wako mlikuwa mnahutubia.

Kimanumanu Damu:

Mama Tenga nimesimama kukusalimu, shikamoo.

Mama Tenga:

Marahaba.

Mtoto wa Barabara ya Nane:

Mama, hiyo chanjo ni tone jicho moja au yote mawili? Jirani yangu anatia yote mawili, anasema kuku aone usawa.

Mama Tenga:

Jicho moja, tone moja, basi. Unamshika kichwa kikalala, tone likizama ndani kuku akapepesa ndio unamwachia. Ukimwachia kabla atalikung'uta, ukae unajidanganya umechanja. Baada ya miezi mitatu unarudia. Jirani yako anamaliza chupa bure.

Binti Duga:

Wangu watatu macho yamefumba, yana magamba magumu kama vipele vyeusi, hata kwenye upanga wamepata. Mdondo huo?

Mama Tenga:

Hiyo ndui, mwanangu, hiyo. Watenge leo leo na wapunguzie mbu. Wengine ambao hawajapata, chanjo yake ni ya kuchoma kwenye bawa, tofauti na ya jichoni. Usibandue magamba kwa kucha.

Mpenda Haki:

Huu ndio ufafanuzi tuliokuwa tunausubiri. Mama Tenga, una vifaranga vya kuuza?

Mama Tenga:

Vifaranga sina. Nina majogoo wanne, mmoja mwekundu keshachukuliwa.

Dereva wa Punda:

Yule mwenye mkia mweusi anafika kilo ngapi?

Mama Tenga:

Sijampima, lakini mwanangu alimbeba akalalamika.

Baba Dagaa:

Kuna mmoja wa madoadoa nilimwona ndani ya tenga, upande wa kulia. Unamuuzaje?

Mama Tenga:

25,000.

Baba Dagaa:

20,000, na nakuja kumchukua mwenyewe kwa baiskeli.

Mama Tenga:

22,000. Njoo na kikapu. Paka mwache nyumbani.