Matope meusi ya mikoko ya Tudor

Mwanafunzi, Kisauni:
Assalaam aleikum. Maji yakipwa huku Tudor, Mombasa, matope ya mikokoni hunuka mayai viza. Je, bakteria wa humo huishije bila oksijeni?

Mwalimu wa biolojia:
Waaleikum salaam, mwanangu. Wengi wao hupumua salfeti, aina ya chumvi yenye salfa iliyomo katika maji ya bahari, badala ya oksijeni, wakaigeuza kuwa salfaidi ya hidrojeni, ambayo ndiyo harufu hiyo, na ambayo ikikutana na chuma huyatia matope weusi. Nishati waipatayo ni haba, lakini huwatosha.

Mfamasia, Likoni:
Kwangu la kutisha zaidi kuhusu bakteria ni jeni zao. Wanasayansi Lederberg na Tatum walionyesha mwaka 1946 kwamba bakteria hubadilishana jeni. Usugu wa dawa husafiri hivyo, mara nyingi ndani ya plasmidi, yaani vipande vidogo vya DNA vilivyo kando na kromosomu, hata baina ya spishi tofauti.