Samadi ya ng'ombe wanne wa maziwa: nigeuze, nifunike au nijenge mtambo wa gesi?

Mfugaji wa Kibosho:
Habari za kazi, wafugaji wenzangu. Ninafuga ng'ombe wanne wa maziwa bandani, katika kihamba chenye migomba na kahawa. Tangu nijenge banda, kinyesi, mkojo na maji ya kuoshea sakafu huteremkia pamoja katika shimo moja lililo wazi, ambalo hulichota mara mbili kwa mwaka. Siku hizi jirani analalamikia harufu, nami nikiinama pale asubuhi macho huniwasha, na juu ya tope huona mapovu yakipanda na kupasuka. Katika semina moja tuliambiwa kwamba samadi hutoa methani na gesi za naitrojeni, na mtoa mada mmoja akatuagiza tugeuze lundo mara kwa mara, ilhali mwenzake alisema tulifunike na tusiliguse. Nimfuate yupi?

Afisa mifugo mstaafu, Tengeru:
Ndugu mfugaji, wote wawili walisema kweli, ila kila mmoja alikuwa na gesi yake akilini. Mapovu unayoyaona kwa sehemu kubwa ni methani na kabonidioksaidi, zinazotengenezwa na vijidudu vinavyoishi mahali pasipo na hewa, na shimo la tope jembamba, hasa msimu wa joto, ni makao yao hasa. Kinachokuwasha macho ni amonia. Mkojo wa ng'ombe una yurea, ambayo peke yake haina harufu kali. Lakini ukichanganyika na kinyesi, kimeng'enya kilichomo katika kinyesi huivunja kuwa amonia, na kazi hiyo huanza ndani ya saa chache tu. Kwa hiyo shimo lako linafanya makosa mawili kwa pamoja: linaukutanisha mkojo na kinyesi, kisha linavizamisha vyote mahali pasipo na hewa.

Kugeuza lundo huingiza hewa na kupunguza methani, lakini kila ugeuzapo amonia nyingi hutoroka, na lundo lenye sehemu zenye hewa na nyingine zisizo nayo hutoa pia naitrasi oksaidi, ambayo kwa kipimo cha miaka 100 hupasha dunia joto takriban mara 270 kuliko kabonidioksaidi ya uzito uleule. Ushauri wangu ni kuanzia bandani: tenganisha mkojo na kinyesi kabla havijakutana, kisha kinyesi kilundike kikiwa kikavu kiasi, chini ya paa.

Tazama na hori pia. Ng'ombe wa maziwa hutoa takriban robo tatu ya naitrojeni aliyokula kupitia kinyesi na mkojo, na protini ikizidi mahitaji yake, ziada hiyo huishia zaidi katika mkojo. Anayerundika mashudu ya alizeti juu ya majani ya lusina, vyote vyenye protini nyingi, kwa ng'ombe anayetoa lita sita ananunua amonia kwa fedha taslimu. Niongeze kwamba methani nyingi ya ng'ombe hutoka mdomoni anapocheua, si kwenye samadi; mtu asikuahidi kwamba ukifunika shimo umemaliza yote.

Mama wa kihamba, Uru:
Shikamoo mzee wetu. Mimi nilitenganisha mwaka juzi, na gharama kubwa ilikuwa saruji ya kurekebisha sakafu ili iteremke kidogo, sentimita mbili hivi kwa kila mita, hadi kwenye mfereji mwembamba unaoingia katika pipa la plastiki lenye mfuniko. Kinyesi huzolewa kwa koleo asubuhi na jioni kabla ya maji yoyote kumwagwa, kisha hutandazwa kwa tabaka na majani makavu ya migomba, ambayo hunyonya unyevu na kuvipa vijidudu kaboni ya kushikia naitrojeni. Usiache pipa wazi, maana utakuwa umehamisha harufu tu. Nami nilikosea mwanzoni: nilimwaga mkojo mtupu kwenye miche ya kahawa, ikaungua majani yote ndani ya wiki. Sasa naongeza maji, ndoo moja ya mkojo kwa tano za maji, namimina katika kijifereji pembeni ya shina la mgomba, na kufukia papo hapo.

Fundi wa mitambo ya gesi, Arusha:
Kwa ng'ombe wanne wa ndani, mtambo wa kuba wa mita sita za ujazo utalishwa bila shida, kwa kinyesi na maji kiasi sawa. Hapa Arusha tunaifahamu mitambo hii tangu zamani, kwa kuwa CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, iko hapa. Hata hivyo nawaonya wateja wangu: mtambo unaovuja, au ambao mwenye nyumba huachia gesi hewani kwa sababu haitumii, ni mbaya kuliko lundo kavu, kwa kuwa unatengeneza methani kwa makusudi kisha unaimwaga. Gesi inayozidi ichomwe. Tope linalotoka bado linatoa gesi kidogo na lina amonia nyingi, kwa hiyo funika shimo la kutolea, na usilitandaze juani kama ubao wa kukaushia kahawa. Kinyesi cha ng'ombe aliyechomwa dawa za viuavijasumu kisiingie, kwa kuwa huua vijidudu, na mwali utazima kwa siku nyingi.

Mfugaji wa Kibosho:
Nawashukuru. Nitaanza na mfereji na pipa, na mtambo nitauwekea fedha baada ya msimu wa kahawa. Mama wa Uru, masika pipa linapojaa na udongo umelowa, unafanyaje?

Mama wa kihamba, Uru:
Udongo ukilowa simwagi, kwa sababu naitrojeni nyingi huoshwa kuelekea mtoni na nyingine huwa gesi. Nina pipa la pili. Likijaa nalo, nalimimina juu ya majani makavu yaliyolundikwa chini ya paa, nafunika kwa turubai, na kusubiri siku mbili tatu za jua.