MREJESHO: Bwawa la mwatiko lenye tindikali, Tanga

Wakuu, salaam. Niliuliza kuhusu bwawa langu la mwatiko (samaki wa maji ya bahari), mita za mraba 400, nyuma ya mikoko: pH (kipimo cha tindikali; chini ya 7 ni tindikali) 4.3, utando wa rangi ya kutu juu ya maji, vifaranga wa samaki wanakufa.

Aliyesema ni udongo wenye salfa alipatia. Ukichimbwa ukapata hewa, unatoa tindikali ya salfa. Kwenye tuta kuna mabaka ya manjano hafifu, ukiyasugua yanakuwa unga kidoleni.

Nilifuata ushauri wa kuosha kwanza, chokaa baadaye. Kausha mpaka sakafu ipasuke, jaza maji ya bamvua (bahari inapojaa sana), acha siku moja, toa yote maji yakipwa. Mara nne. Maji ya bahari yenyewe yanapunguza tindikali, kwa hiyo msianze na chokaa, mtaimaliza bure. Kisha chokaa ya kilimo kilo 40 sakafuni. Ile ya kupaka ukuta niliiacha kama mlivyoonya, inapandisha pH ghafla na kuua samaki. Baada ya wiki mbili: 7.1.

Kilichoshindikana ni matuta. Mvua kubwa ya kwanza ilisomba tindikali ya tutani ikaiingiza bwawani, pH ya pembeni ikarudi 5.2, vifaranga kadhaa wakafa. Sakafu ilipona, tuta halikuoshwa! Sasa nimemwaga chokaa kwenye miteremko ya ndani na majani yanaanza kushika. Mvua ikinyesha nafungua mlango wa maji bamvua linalofuata, nabadilisha maji.

Asanteni sana, mmeniokolea bwawa.