Kasi ya Wi-Fi imeporomoka ghafla: meshi, ripita au ruta mpya?

Kisamvu
Wakuu, heshima kwenu. Intaneti ya nyumbani ilikuwa inakimbia vizuri tu, tangu wiki iliyopita Wi-Fi inakokota, hata video ya kawaida inakwama. Bajeti laki mbili na nusu. Nachagua kati ya meshi ya vipande viwili (vifaa vinavyosaidiana kusambaza Wi-Fi nyumba nzima), ripita (kinachopokea Wi-Fi ya ruta na kuirusha mbele), au ruta mpya ya Wi-Fi 6 (kizazi kipya zaidi cha Wi-Fi). Kipi kinafaa? Jumamosi naenda Kariakoo.

FundiNyaya
Mkuu, hujaeleza kitu. Faiba au 4G? Kifurushi cha Mbps (kipimo cha kasi) ngapi? Umepima kwa simu au kwa laptopu yenye waya? Karibu na ruta au chumba cha mwisho? Bila hayo tunapiga ramli.

Kabla hujatoa hata shilingi: chomeka laptopu kwenye ruta kwa waya, zima Wi-Fi ya laptopu, pima. Kisha chomoa waya, simama mita mbili kutoka kwenye ruta, pima kwa Wi-Fi. Waya ukiwa mzima na Wi-Fi mbovu, tatizo liko ndani ya nyumba. Vyote vikiwa vibovu mpigie mtoa huduma, kifaa kipya hakitasaidia.

MamaMtandao
Meshi, basi. Kwenye nyumba ya tofali za saruji, GHz 5 (masafa ya Wi-Fi yenye kasi zaidi) ikivuka kuta mbili imechoka, na zege lenye nondo ndiyo usiseme. Ripita ni hasara: zile za bei rahisi zinapokea na kurusha kwa redio ileile moja, kasi inakatwa nusu kabla haijafika chumbani.

Kaskazi
Si mkongo wa baharini huo? Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom, inayotuletea intaneti kupitia baharini, ilikatika kwa mpigo, tukalia wote.

FundiNyaya
@Kaskazi mkongo hauingii sebuleni. Kwenye laptopu iliyo kwenye Wi-Fi, fungua dirisha la amri uandike `ping 192.168.1.1` (au anwani iliyobandikwa chini ya ruta), uone ruta inajibu haraka kiasi gani. Majibu ya ms (milisekunde) 1 hadi 5 ni mazima. Yakirukaruka 80, 200, mengine yasirudi kabisa, mawimbi ya Wi-Fi ya humo ndani ndiyo yamechafuka, mkongo hauhusiki.

Kisamvu
Faiba, Mbps 100. Kwa waya 93. Kwa Wi-Fi 21 au 22, hata nikikaa pembeni ya ruta. Simu zote na TV pia.

Nondo
22 pembeni ya ruta, kwenye kila kifaa? Basi si umbali wala kuta. Meshi na ripita ziweke kando.

Kwenye Windows andika `netsh wlan show interfaces`, au kwenye Android fungua maelezo ya mtandao uone kasi ya muunganisho. Ukikuta 54, kuna mtu kagusa usalama wa ruta. Wi-Fi 4 (kizazi cha kwanza kuvuka Mbps 54) na zilizofuata haziruhusiwi kutumia TKIP wala WEP (njia za zamani za kulinda data) kwenye kasi zao kubwa, kwa hiyo ruta inarudi kwenye kasi ya zamani ya Mbps 54, na hizo 54 kwa matumizi halisi hutoa ishirini na kitu. iPhone nayo huonya juu ya usalama dhaifu chini ya jina la mtandao. Rudisha WPA2 yenye AES (ulinzi wa kisasa zaidi), na hakikisha WMM (mpangilio wa kuipa kipaumbele video na sauti) imewashwa, maana ikizimwa matokeo ni hayohayo. Mmeunganisha printa au kamera ya zamani karibuni? Hizo ndizo huwafanya watu washushe usalama wa ruta.

BiChaneli
Inawezekana, ila angalia kwanza kama vifaa vyote havijahamia GHz 2.4 (masafa ya polepole zaidi). Ruta ikiwa, kwenye GHz 5, kwenye chaneli za DFS (52 hadi 144, zinazotumika pia na rada) na ikahisi rada, lazima ihame, na kabla ya kurusha tena kwenye chaneli ya aina hiyo isikilize angalau sekunde 60, na wakati huo vifaa hukimbilia 2.4. Weka chaneli 36, isiyo ya DFS, uone. Kwenye 2.4 tumia chaneli 1, 6 au 11, upana wa chaneli MHz 20.

Kaskazi
MHz 40 si ndiyo kasi zaidi?

BiChaneli
Shamba, ndiyo. Sinza penye nyumba zilizobanana, hapana. MHz 40 inakula nafasi ya chaneli mbili kati ya hizo tatu, majirani wanakuingilia na wewe unawaingilia, wote mnasubiriana.

FundiNyaya
Kwa wanaokimbilia meshi: kuna nyumba Tabata, kifurushi Mbps 200, meshi ya vipande vitatu ilinunuliwa na kila chumba kikagoma kwenye 94. Kikabadilishwa kipande kikuu, 94. Ikabadilishwa hata ruta ya faiba, 94. Kisa ni waya wa mita moja kati ya ruta na meshi: jozi ya bluu ililegea kwenye kichwa cha RJ45 (plagi ya waya wa mtandao). Gigabiti inataka jozi zote nne, Mbps 100 inatosheka na mbili, pini 1, 2, 3 na 6, kwa hiyo taa inawaka kama kawaida na hakuna anayeshuku. Waya wenyewe ulikuwa alumini iliyopakwa shaba. Mkinunua Cat6 (aina ya waya wa mtandao), kwaruza kwa wembe. Ikitokea rangi ya fedha, rudisha.

MamaMtandao
Hilo ni kosa la waya, si la meshi.

FundiNyaya
Ndiyo maana nasema vuta waya uweke AP (kifaa cha kurusha Wi-Fi kinachounganishwa na ruta kwa waya), laki moja na nusu inabaki mfukoni.

Kisamvu
Printa ipo, ya shemeji, ilikuja wiki iliyopita. Nikirudi nitaangalia hiyo 54. Ila Kariakoo naenda hivyohivyo.

Kaskazi
Ukienda niulizie UPS ndogo ya ruta (betri ya akiba umeme ukikatika). Ya mAh 10,000 inadumu kwa muda wa saa nne?

Nondo
Nyingi zinahesabu mAh kwa V 3.7, yaani Wh 37. Ruta na kifaa cha faiba vikila W 10 kwa pamoja, hata bila upotevu wa kupandisha volti hadi 12 hufiki saa nne. Soma lebo za adapta zote mbili kwanza: ruta ya V 9 usiipe 12.