Kliniki ya usingizi yenye ithibati inadaiwa nini na jamii?

Mratibu_K
Habari za wakati huu, ndugu wadau. Ninaratibu kliniki ya usingizi iliyopata ithibati hivi karibuni, na kamati yetu inaandaa mpango wa huduma kwa jamii. Wapo wanaoona kwamba inatosha kutoa mhadhara mmoja kila mwezi wa Machi, wakati wa Siku ya Usingizi Duniani, na kupima watu bila malipo siku hiyohiyo. Mimi nina mashaka. Jamii ina haki ya kutarajia nini kutoka kwetu, na mkaguzi akija tumwonyeshe nini?

Tabibu wa Usiku
Hongereni. Nitaanzia kwenye hilo la kupima bila malipo, maana hapo ndipo wengi huteleza. Kwa kawaida mtu hujaza hojaji ya STOP-BANG, yenye maswali 8 kuhusu mambo kama kukoroma, uchovu wa mchana, shinikizo la damu na unene wa shingo, kisha huambiwa kwamba huenda pumzi yake hukatika usingizini. Hojaji hiyo imeundwa ili wagonjwa wasiponyoke, kwa hiyo huwanasa pia wengi wasio wagonjwa, na jibu la uhakika hupatikana kwa kipimo cha usiku. Mtu akiondoka na kipeperushi tu, mmempa hofu bila tiba. Na mkimwelekeza kwenu peke yenu, watu watasema mlikuwa mnatafuta wateja, wala hawatakuwa wamekosea sana. Kabla ya kupanga meza na viti, amueni ni nani atakayempigia simu, kipimo kitafanyika lini, na asiye na bima atapelekwa wapi. Mkaguzi ningemwonyesha idadi ya waliofika mwisho wa njia hiyo, wala si picha za mhadhara.

Mwalimu Mstaafu
Shule zisisahauliwe. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10, na katika balehe saa ya mwili wake huchelewa, hivyo usingizi humjia kwa kuchelewa hata akipanda kitandani mapema. Kumhubiria alale mapema huku masomo yakianza alfajiri ni kazi bure. Wataalamu wenu wazungumze na bodi ya shule kuhusu ratiba.

Asiyekoroma Tena
Naandika kama mgonjwa. Nilipoanza kutumia mashine ya CPAP, ile inayopuliza hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe usingizini, barakoa ilivuja pembeni ya pua, hewa ikanipuliza machoni usiku kucha, nikakaribia kuiweka kabatini. Aliyeniokoa ni mgonjwa mwenzangu, aliyenionyesha kwamba mikanda hukazwa mtu akiwa amelala chali na mashine ikiwa inapuliza. Kikundi cha wagonjwa kinachokutana kila mwezi hakihitaji zaidi ya chumba na mtaalamu mmoja wa kujibu maswali, nacho kiwe wazi hata kwa waliotibiwa kwingine.

Mratibu_K
Nawashukuru nyote. Kampuni moja ya malori imetuomba tuwachunguze madereva wake, lakini inataka ipewe majina ya watakaoonekana kuwa hatarini. Tufanyeje?

Tabibu wa Usiku
Msikubali. Dereva akijua kwamba kukiri kuwa anasinzia kwenye usukani kutamgharimu kazi, atajibu kwamba halali mchana wala hakoromi, na hojaji yenu itakuwa karatasi tupu. Majibu yabaki kati yake na kliniki, yasitoke bila ridhaa yake ya maandishi, isipokuwa pale sheria inapowalazimisha kutoa taarifa, na hilo aelezwe kabla hajashika kalamu. Kampuni mnaweza kuipa jumla, mradi kundi si dogo kiasi cha mtu kutambulika.