Nina miaka 43, chai tu ndiyo najua: nianze kahawa au niiache?

Mla Mihogo wa Makorora

Assalaam aleikum wakuu, na wengine wote habari za jioni.

Naomba ushauri wa wanaojua, si wa "babu yangu alikunywa akafika tisini". Mwanamume, miaka 43, kilo 81. Kahawa sijaizoea. Mimi ni wa chai ya rangi, vikombe vikubwa vitatu kwa siku, cha mwisho baada ya Isha. Presha mwezi huu imesoma 138 kwa 88, situmii dawa yoyote. Nikila pilau usiku kiungulia hakikosi. Barazani kwetu dele la kahawa linazungushwa baada ya Alasiri na tena baada ya Isha, na wenzangu wanasema kahawa inalinda ini na kuzuia kisukari. Ni kweli? Na kama ni kweli, ninywe vingapi? Pia mke wangu ana mimba ya miezi mitano na kahawa anaipenda kweli. Aendelee?

Mfamasia wa Zamu

Waaleikum salaam kaka. Kwanza tuelewane: kahawa hunywi, lakini kafeini unainywa kila siku. Kikombe kikubwa cha chai ya rangi kina kama miligramu 40 hadi 50, ikitegemea majani yamekaa muda gani kwenye maji. Vitatu ni karibu 150. Kwa hiyo hapa hatuzungumzii kuanza, tunazungumzia kuongeza juu ya hiyo 150 au kubadilisha.

Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilitoa mwaka 2015 kipimo ambacho wengi tunakitumia: mtu mzima mwenye afya asivuke miligramu 400 kwa siku, na asimeze zaidi ya 200 kwa mkupuo. Katika hesabu hiyo ingiza kila kitu. Kinywaji cha kuongeza nguvu cha mililita 250 kina 80. Kidonge kimoja cha Panadol Extra kina 65, na watu humeza viwili, tena wakishushia na kahawa, halafu wanashangaa moyo unadunda.

Kuhusu ini na kisukari, wenzako hawajakosea sana. Tafiti zilizofuatilia watu wengi kwa miaka zimekuta kwamba wanywaji wa vikombe vitatu hivi au vinne kwa siku hupata kisukari cha aina ya pili kwa uchache zaidi, na vilevile kovu la ini na saratani ya ini. Lakini huko ni kulinganisha wanaokunywa na wasiokunywa, si kuthibitisha kwamba kahawa ndiyo iliyowakinga. Hakuna mwongozo wa matibabu unaomwambia asiyekunywa aanze ili alinde ini. Ukiipenda, kunywa. Usipoipenda, hujapoteza kitu. Halafu hicho kisukari mnachokikimbia mnakifuata wenyewe kwenye sahani ya kashata. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka sukari ya kuongeza isivuke kama gramu 50 kwa siku, na likipenda zaidi ishuke hadi 25. Vipande vichache vya kashata na halua vinaimaliza hiyo 25 kabla dele halijarudi mara ya pili.

Kama unatumia ciprofloxacin, dawa ya kuua bakteria, kwa ugonjwa wowote, punguza kahawa mpaka dozi iishe. Dawa hiyo huzuia ini kuvunja kafeini, kikombe kimoja kinakuwa kama viwili. Mwenye pumu anayetumia aminophylline amwulize daktari kwanza, maana hizo mbili ni ndugu.

Dele la Shaba

Hapo kwenye "vikombe vitatu au vinne" ndipo watu wanapopotea. Kikombe cha kwenye tafiti kwa kawaida ni kile kikubwa. Chetu ni finjani ya mililita 60. Ngoja nikupigie hesabu ya dele.

Maji lita moja, kahawa ya kutwanga gramu 50, yaani vijiko 10 vya chakula vya kusawazisha, bila kilima. Buni, yaani punje ya kahawa, ya aina ya arabika ina kafeini kama asilimia 1.2, kwa hiyo dele zima lina karibu miligramu 600. Machicha hufyonza maji na mengine huruka na mvuke, unabaki na mililita 750 au 800, sawa na finjani 12 au 13. Kila finjani ina kati ya miligramu 35 na 45, ambayo ni sawa na kikombe chako cha chai.

Sasa badilisha buni tu. Ile aina nyingine, robusta, ina asilimia 2.2 au zaidi. Dele lilelile, vijiko vilevile, finjani inapanda hadi 65 au 80. Tatu za hizo umeshafika kwenye 200 za mkupuo au umezivuka, na barazani nani anaishia tatu?

Buni ya Kagera nyingi ni robusta. Ya Kilimanjaro, Mbeya na Mbinga ni arabika, na hata hapo juu kwetu Lushoto wanalima arabika. Ukinunua punje nzima utazitambua kwa macho: ya arabika ni ndefu kidogo na mfereji wake wa katikati umepinda, ya robusta ni duara zaidi na mfereji umenyooka. Rangi isikudanganye. Buni iliyokaangwa ikawa nyeusi tii ni chungu zaidi, lakini kafeini yake haijapanda.

Kitu kingine ni dele linalokaa jikoni. Kafeini haitoki na mvuke. Maji ndiyo yanayotoka. Kahawa iliyokaa juu ya makaa tangu magharibi hadi saa tatu usiku ni nzito kuliko ya kwanza, na mpikaji akiongeza unga juu ya machicha ya zamani, hesabu yangu yote itupe. Mtu anayelala vizuri kwa finjani tatu za mwanzo anaweza kukesha kwa mbili za mwisho.

Tangawizi na iliki hazipunguzi kafeini. Zinapunguza ukali mdomoni tu.

Kahawa Haina Baya

Sasa mtu akae barazani na kikokotoo? Wazee wetu wamekunywa miaka yote.

Dele la Shaba

Mwuliza uzi kaomba hesabu shekhe wangu. Wewe kunywa.

Mpima Presha

Kaka Mla Mihogo, 138 kwa 88 haijafika kwenye dawa lakini si ya kuichezea. Kafeini ya miligramu 200 hadi 300 inaweza kupandisha namba ya juu ya presha kwa alama 8 hivi na ya chini kwa 6 kwa watu ambao presha tayari iko juu, na hali hiyo hukaa kwa muda wa hadi saa tatu. Mwili ukizoea kunywa kila siku, mpando unapungua. Kwa wengine hauishi.

Usibahatishe, pima. Siku ambayo hujagusa chai wala kahawa tangu asubuhi, kaa kwenye kiti chenye egemeo dakika tano, miguu chini, mkono juu ya meza, pima mara mbili kwa kuachanisha dakika moja. Kunywa finjani mbili. Pima tena baada ya nusu saa, halafu baada ya saa moja. Rudia siku nyingine. Ikipanda chini ya alama 5, huna tatizo kubwa. Ikipanda 10 na zaidi siku zote mbili, wewe kahawa inakushika. Baki na kidogo au iache. Na siku ya kwenda kupimwa hospitali usinywe nusu saa kabla, ukaandikiwa dawa za presha ya dele.

Mwenye 160 kwa 100 na kuendelea asianze kabisa. Utafiti wa Japani uliotoka 2022 ulikuta kwamba wenye presha ya kiwango hicho waliokunywa vikombe viwili au zaidi vya kahawa kwa siku walikufa kwa moyo na kiharusi karibu mara mbili ya wasiokunywa. Kikombe kimoja hakikuonyesha hilo.

Jambo ambalo naona halisemwi kabisa huku pwani ni mafuta ya kahawa. Buni ina mafuta yenye kitu kinachoitwa kafestoli, na hicho hupandisha kolesteroli mbaya. Kahawa ya kuchemsha na machicha yake, kama yetu, ndiyo inayobeba kafestoli nyingi kuliko aina zote. Kahawa iliyopita kwenye chujio la karatasi haina karibu kitu, na ile ya unga unaoyeyuka, mfano Africafe ya Bukoba, nayo ina kidogo sana. Kuacha machicha yatuame chini ya dele hakutoshi, kwa sababu mafuta yamo kwenye maji yenyewe. Chujio la waya la chai ndiyo kabisa, linazuia machicha tu.

Mla Mihogo wa Makorora

Nashukuru sana. Karatasi hizo nitazipata wapi, na bei yake? Kitambaa hakifai? Na mbona hamjanijibu la kiungulia na la usiku?

Dele la Shaba

Maduka makubwa yanauza karatasi, lakini kwa dele la watu kumi utachoka. Kitambaa kizito cha pamba, kile kinachofumwa kwa karibu, kinapunguza mafuta mengi, ingawa si kama karatasi. Mimina polepole, usikikamue mwishoni, maana ukikamua unayarudisha mafuta yote. Kisuuze kwa maji ya moto bila sabuni, kianike juani. Kikianza kunuka uchachu, tupa.

Kwa nyumbani mwako peke yako kunywa ya kuyeyusha, mambo yaishe. Ya barazani iwe ya kijamii.

Mfamasia wa Zamu

Usiku ndiyo ingekuwa habari kubwa ya uzi huu. Kafeini hupungua nusu kwa saa tano hivi. Mvutaji sigara huiondoa haraka zaidi, mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango huchelewa karibu mara mbili. Kuna jaribio la 2013 ambalo watu walipewa miligramu 400 saa sita kabla ya kulala, wakapoteza zaidi ya saa nzima ya usingizi, na wengi hata hawakuhisi kwamba wamelala kidogo. Piga hesabu: ukilala saa nne usiku, saa sita nyuma ni saa kumi jioni, yaani Alasiri yenyewe. Kwa hiyo finjani mbili za Alasiri zinavumilika, za baada ya Isha hapana. Na kile kikombe chako cha chai cha baada ya Isha nacho kiondoke. Usingizi mfupi peke yake unapandisha presha, usije ukailaumu kahawa kwa kosa la saa.

Kiungulia: kahawa hulegeza mlango kati ya koo na tumbo na kuchochea asidi. Si kwa kila mtu, lakini wewe tayari unacho. Usinywe tumbo tupu baada ya Alfajiri, kunywa baada ya kula, na pilau ile iliwe saa tatu kabla ya kulala. Vidonda vya tumbo ni habari nyingine. Hivyo huletwa zaidi na bakteria wa tumboni na dawa za maumivu kama diclofenac. Kahawa haivitengenezi, inavichokoza. Ukiona choo cheusi kama lami, uzi huu hautakusaidia. Nenda hospitali ya Bombo siku hiyohiyo.

Joto pia. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiondoa kahawa kwenye orodha ya vinavyoshukiwa, lakini likaweka vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, kwenye vinavyoelekea kusababisha saratani ya koo la chakula. Ukilazimika kuifyonza kwa sauti ndiyo bado. Iache mpaka uweze kupiga funda.

Bi Mkunga

Naona wanaume mmemsahau mwenye mimba. Baba, mke wako hajakatazwa kahawa, amewekewa mpaka. Ulaya ni miligramu 200 kwa siku. WHO nayo inawataka wanaovuka 300 wapunguze, kwa sababu kafeini nyingi inahusishwa na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo na mimba kuharibika. Mimi nashika 200, na humo ndani ziingie chai na soda. Kwa arabika ni finjani mbili asubuhi na kikombe kimoja cha chai, basi, anabaki na nafasi. Kwa robusta ni moja. Kadiri mimba inavyokua, mwili unachelewa kuiondoa. Miezi ya mwisho nusu tu inaweza kuchukua saa 15. Ya jana jioni bado anayo asubuhi, kwa hiyo jioni asiguse.

Kubwa zaidi ni vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki. Kahawa na chai hushika madini ya chuma tumboni yasiingie mwilini, na kunywa saa moja baada ya kula kunazuia sawa na kunywa pamoja na chakula. Kunywa saa moja *kabla* hakuna shida. Kwa hiyo anywe finjani zake, apitishe saa moja, ndipo ale maharage na mchicha wake. Kidonge ameze usiku wakati wa kulala, kwa maji ya chungwa la Muheza lililokamuliwa, maana vitamini C inasaidia chuma kuingia. Asishushie chai hata siku moja.

Mla Mihogo wa Makorora

Bi Mkunga, Allah akulipe. Nimeelewa. Swali la mwisho: Ramadhani ikija na mimi nimeshazoea, kichwa si kitapasuka?

Mfamasia wa Zamu

Kitauma ukiacha ghafla. Huanza saa 12 hadi 24 tangu kikombe cha mwisho, huwa kikali siku ya kwanza na ya pili, na kinaweza kuendelea mpaka siku ya tisa. Anzia katikati ya Shaaban: punguza finjani moja kila baada ya siku tatu, ubaki na moja. Hiyo moja iweke daku, usiiweke baada ya tarawehe. Na usitibu hicho kichwa kwa Panadol Extra. Ile ya kawaida, isiyo na kafeini.

Kahawa Haina Baya

Haya, na mimi niulize. Unga wa sokoni mtu atajuaje kama haujachanganywa mahindi?

Dele la Shaba

Umeona unavyokuja taratibu. Glasi ya maji ya baridi, nyunyiza kijiko cha chai juu, usikoroge. Kahawa halisi huelea kwa muda kwa sababu ya mafuta yake na maji hubaki karibu meupe. Nafaka iliyokaangwa huzama mapema na maji hugeuka rangi. Ukikuta nusu imezama ndani ya dakika moja, kanunue punje ukatwange mwenyewe.