Jiko dogo na chumba cha kusomea vinapakana ukuta mmoja, nibomoe au niache? Naombeni mawazo kabla fundi hajaanza

kona_moja (mleta uzi):
Habari zenu wakuu. Tunakarabati nyumba na sehemu inayoniumiza kichwa ni jiko pamoja na stoo iliyo ubavuni mwake. Jiko lina upana wa mita 2.3 na urefu wa mita 3.3, mlango uko upande mfupi, dirisha na bomba la maji machafu viko ukuta mrefu wa nje. Ukuta mrefu wa pili ndo unaotenganisha na stoo, na stoo yenyewe ni mita 2 kwa 2.3, ina kidirisha kidogo upande wa nje na mlango unaofungukia ndani kutokea koridoni. Hiyo stoo tunataka iwe chumba cha kusomea na kufanyia kazi.

Sasa wazo langu lilikuwa nibomoe ule ukuta wa kati iwe sehemu moja kubwa, meza ya kusomea ikae kwenye kona, mtu akipika anawaona watoto wanavyofanya homuweki. Mwenzangu hataki kabisa, yeye anafanya kazi nyumbani na muda mwingi yuko kwenye vikao vya simu. Nimechora michoro mpaka daftari limeisha, kila mchoro nikiuangalia kesho yake nauona hauna maana. Mwenye uzoefu atie neno, vipimo vikiwepo nitashukuru zaidi.

nyundo_kwanza:
Bomoa mkuu. Nyumba ndogo ukiijaza kuta unaishi kwenye makabati. Mwanga utaingia pande zote mbili na hewa itazunguka.

mstari_wa_timazi:
Asibomoe chochote mpaka ajulikane huo ukuta umebeba nini. Kama juu yake kuna slabu au boriti imekaa au kuna ukuta mwingine wa ghorofa ya juu, huo sio wa kugusa bila injinia kuja kuuona, na akiruhusu utawekewa boriti ya kupokea mzigo, hiyo ni kazi nyingine na bajeti nyingine. Watu wanagonga ukuta kwa ngumi wanasikia mlio wanasema huu mwepesi, mlio haukwambii kitu. Halafu angalia kama hauna bomba au waya ndani, ukuta wa jiko mara nyingi unazo.

kona_moja:
Sawa, injinia nitamwita. Lakini tuseme amesema unabomoleka, je nibomoe?

mama_droo:
Mimi nasema hapana hata kama unabomoleka. Umetuambia mwenyewe mwenzio yuko kwenye vikao, sasa wewe utakaanga saa ngapi? Jiko lina kelele kuliko watu wanavyodhani, sio sufuria tu, kuna maji yanayofunguliwa, kuna blenda, kuna feni ya kutoa moshi, kuna friji inayonguruma yenyewe usiku na mchana. Na mvuke wenye mafuta unasafiri, unaganda kwenye vitabu na kwenye kompyuta, ukifuta vumbi unakuta limenata. Mlango ukifungwa vizuri yote hayo yanabaki jikoni.

Ila hoja yako ya watoto ni ya kweli na usiidharau. Nadhani unachanganya kazi mbili ambazo sio moja. Kazi ya mwenzio inataka ukimya, ya watoto inataka mtu mzima awe karibu wa kuulizwa. Kwa nini zote ziwe chumba kimoja? Homuweki ifanyikie jikoni.

kona_moja:
Jikoni wapi dada, mita 2.3 hiyo? Nikiweka kaunta pande zote mbili za sentimita 60 inabaki 110 katikati.

mama_droo:
110 inatosha mpishi mmoja, wakiwa wawili wanagongana, hapo ungetaka 120 kwenda juu. Kwa hiyo usiweke 60 pande zote. Upande wa nje weka 60 maana ndo wenye sinki na jiko na friji, upande wa ukuta wa kati weka kaunta yenye kina cha sentimita 40. Katikati inabaki 130. Kabati la kina cha 40 linapokea sahani, vikombe, unga, mikebe, na tena ni zuri kuliko la 60 kwa sababu hakuna kitu kinachopotelea nyuma. Kisha mwisho wa hiyo kaunta shusha kipande kiwe na urefu wa sentimita 75 kutoka sakafuni badala ya 90, chini usiweke kabati, acha wazi upana wa kama 70 hivi magoti yaingie. Hapo ndo pa homuweki. Ukiwa huna mtoto wa kusaidia, panafaa kukalia mtu anayemenya au kuchambua.

seremala_mstaafu:
Wazo la kushusha kaunta nimelipenda. Niongeze kwenye urefu: 90 wanayoandika kwenye katalogi ni wastani tu. Simama, kunja kiwiko, pima kutoka sakafuni mpaka kiwiko kisha toa sentimita 10 hadi 15, hapo ndo kaunta yako. Mtu mfupi akikatia juu ya 90 mabega yanapanda siku nzima. Apimwe yule anayepika zaidi, sio anayelipa fundi.

Kabati za juu ziwe na kina cha 30 mpaka 35 na zianze kama sentimita 50 juu ya kaunta. Chini ya kabati za sakafuni acha nafasi ya vidole vya miguu, urefu wa 10 hivi na iingie ndani sentimita 5 au zaidi, kitu kidogo lakini kisipokuwepo unasimama umeinama. Na za chini zote zifanye droo, sio milango. Droo unaivuta yote unaiona, kabati la mlango unapiga magoti na tochi.

hatua_chache:
Naona mnagusa kitu ambacho kina historia. Mwaka 1926 msanifu wa Austria anaitwa Margarete Schütte-Lihotzky alichora jiko la nyumba za umma za Frankfurt, kama mita 1.9 kwa 3.4, yaani jembamba kuliko hili la mleta uzi. Kila kitu kimepangwa kupunguza hatua za mpishi. Watu wengi wanakumbuka huo mpangilio tu, wanasahau kwamba jiko lenyewe lilikuwa na mlango wa kusukuma, ule unaoteleza pembeni, kuelekea sebuleni ili mama aweze kuangalia watoto huku anapika. Pamoja na hivyo baadaye lililaumiwa kwamba linamfungia mpishi peke yake. Kwa hiyo ubishi wa mleta uzi na mwenzie una karibu miaka mia, msigombane sana.

Kwa mpangilio wa ukuta wa nje mimi ningeanza hivi kutoka mlangoni: friji 65, sinki 80, kaunta tupu 90, jiko 60, halafu 35 ya mwisho kabla ya ukuta wa kona ili mpini wa sufuria usigonge ukuta. Jumla 330 kamili.

mpiga_vipimo:
330 kamili ndo tatizo lako hapo. Friji inataka kupumua, acha hata sentimita 5 pembeni na nyuma pia kulingana na kitabu chake, na ukuta ukishapigwa plasta mpya na tailizi hiyo 330 haitakuwa 330 tena, unaweza kupoteza sentimita mbili tatu. Punguza ile kaunta ya 90 iwe 80, bado ni nzuri sana. Hicho kipande kati ya sinki na jiko ndo sehemu inayofanya kazi kuliko zote jikoni, unaosha unakata unamwaga sufuriani, kisishuke chini ya 60.

Na kabati zisianze kutengenezwa kwa vipimo vya leo. Fundi aje apime baada ya plasta kukauka na sakafu kukamilika. Naona seremala wengi wanakimbilia kupima mapema ili wapokee advansi, matokeo yake kabati la mwisho haliingii wanaanza kuchonga ukuta.

seremala_mstaafu:
Hahaha umetusema lakini ni kweli.

nyaya_tatu:
Upande wa umeme msimsahaulishe, huyu ana bahati kuta ziko wazi bado. Jiko la umeme au oveni iwe na laini yake na breka yake, friji nayo iwe peke yake ili siku blenda ikiangusha breka chakula kisiharibike. Soketi za kaunta ziwe sentimita 15 hivi juu ya kaunta na angalau 30 pembeni ya sinki, zaidi ni bora. Weka na ile kinga ya mshtuko inayokata kwa miliampea 30, mikono ya jikoni ina maji muda wote. Upande wa kaunta ya 40 weka soketi pia, watu wanaisahau halafu extension inavuka njia.

Chumba cha kusomea soketi weka nyingi kuliko unavyofikiri, ziwe juu ya meza sio chini nyuma ya meza. Na pitisha bomba la waya wa intaneti sasa hivi hata kama unatumia waifai, maana mikrowevu inatumia masafa ya 2.4 GHz sawa na waifai nyingi, ikiwashwa upande wa pili wa ukuta kikao cha mwenzio kinaweza kuanza kukatakata. Waya hausumbuliwi na hilo.

kona_moja:
Hii ya mikrowevu sikuijua!! Mnanisaidia mno. Basi nimeanza kukubali ukuta ubaki. Sasa stoo yenyewe, mita 2 kwa 2.3 mlango unafungukia ndani, meza naiweka wapi? Nilifikiri mlango wa kusukuma uokoe nafasi.

seremala_mstaafu:
Wa kusukuma unaokoa nafasi kweli.

mama_droo:
Unaokoa nafasi unaleta kelele. Mlango wa kusukuma unaning'inia pembeni ya ukuta, una mwanya juu, chini na pembeni, na sauti haihitaji mwanya mkubwa. Sasa tumeacha ukuta kwa ajili ya ukimya halafu tuweke mlango unaovuja? Korido ina upana gani?

kona_moja:
Korido ni 120.

mama_droo:
Basi geuza bawaba, mlango mzima usio na uwazi ndani ufungukie koridoni na ulale kabisa kwenye ukuta wa korido ukiwa wazi. Fremu iwe na raba ya kuziba na chini weka brashi. Chumba chote kinabaki chako.

mpiga_vipimo:
Meza usiitazamishe dirishani wala usilipe dirisha mgongo. Ukilitazama mwanga unakuumiza macho, ukilipa mgongo linang'aa kwenye skrini na kwenye kikao cha video unaonekana kivuli. Dirisha liwe ubavuni, na kwa anayeandikia mkono wa kulia liwe kushoto. Kina cha meza 60 ni cha chini kabisa, 70 ni raha, maana skrini inatakiwa iwe mbali kama urefu wa mkono. Urefu wa meza 72 hadi 75. Nyuma ya kiti acha kama 80 au 90 mtu asukume kiti ainuke.

rafu_tatu:
Vitabu vyote viweke kwenye ule ukuta wa kati! Rafu iliyojaa kuanzia chini mpaka juu inapunguza kelele kiasi fulani na hupotezi kitu. Ila vitabu ni vizito, mita moja ya rafu inaweza kubeba kilo 25 na zaidi, kwa hiyo ubao wa milimita 18 usiuache uende zaidi ya sentimita 80 bila egemeo, utapinda tumboni. Kina cha 25 kinatosha vitabu vingi. Na mwambie fundi bomba asipitishe maji kwenye huo ukuta, kila bomba likifunguliwa mwenzio atalisikia masikioni.

mstari_wa_timazi:
Bomba zote ziko ukuta wa nje, nilimsoma juu, asizihamishe. Sinki likibaki karibu na tundu la zamani la maji machafu anaokoa kuvunja sakafu, na bomba linapata mteremko wake, kama sentimita 2 kwa kila mita. Watu wanasogeza sinki upande wa pili kwa ajili ya uzuri, halafu linaziba kila mwezi.

Mtungi wa gesi kama unatumia ukae nje na bomba liingie ndani. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini, kwa hiyo tundu la hewa liwe chini karibu na sakafu, lile la juu la moshi halikusaidii kwa hilo.

nyundo_kwanza:
Mimi bado nasema mngebomoa, ila basi, wengi wape. Angalau weka kidirisha cha kioo kwenye ukuta, juu, mwanga wa jikoni uingie ule upande.

mama_droo:
Hicho nakikubali, kioo kisichofunguka, kinene au viwili, kiwe juu ya kichwa cha mtu. Hakikisha tu injinia amekiona pia.

kona_moja:
Nimemwonyesha mwenzangu uzi huu, kacheka kwenye sehemu ya kugombana miaka mia. Ukuta unabaki. Kaunta ya 40 na kipande cha kushushwa cha watoto tumekipitisha wote wawili, mlango unageuzwa. Kesho tunabandika tepu sakafuni kwa vipimo vyenu tutembee humo na viti halisi kabla ya kumpa fundi mchoro. Swali la mwisho, kipande cha watoto kikae mwisho wa mlangoni au mwisho wa jiko?

mama_droo:
Mlangoni, mkabala na friji. Kule mwisho atakuwa amekaa nyuma yako wakati unageuka na sufuria la moto.

nyaya_tatu:
Na taa yake iwe na swichi yake, chini ya kabati la juu, mbele kidogo ili kivuli cha kichwa kisiangukie daftari. Kesho ukishabandika tepu weka na alama za soketi ukutani, fundi umeme akija asianze kubuni.